Kipimo Kikishuka Chini ya Maji, Usiuze

Mwaka 1973, nikiwa na miaka kumi, mama aliteleza kwenye ngazi za nyumba tuliyopanga Mji Mkongwe, ngazi zile za mawe zilizosimama wima kama ukuta, akavunjika nyonga. Baba alikuwa keshamwacha, na mume mwengine hajapatikana. Kuanzia hapo skuli nikaiona kwa nje tu. Nilikuwa darasa la tatu. Nilijua kusoma, kujumlisha na kutoa. Kugawa nimejifundisha mwenyewe baadaye, kwa chaki, kwenye ubavu wa pipa. Nasema mapema asije mtu akanisahihishia maandishi. Nimeandika kwa mkono wangu na mjukuu wangu ndiye aliyepiga chapa. Nimemwambia akigusa neno nitajua.

Nawaandikia nyinyi mnaotengeneza siki na achari Unguja hivi sasa. Mimi nimeacha. Magoti hayataki tena kuinama kwenye mapipa. Na nisingeandika chochote, ningekaa zangu kibarazani, kama nisingekwenda Darajani juzi kununua siki kama mteja. Chupa imeandikwa siki ya miwa halisi. Nikaifungua palepale, nikaonja.

"Hii umeipika wewe?" nikamuuliza muuzaji.

"Naam, bibi. Ya miwa hiyo, ya asili kabisa."

"Muwa wake ulikuwa na majani, au ulikuwa na kifuniko cha plastiki?"

Akacheka. Alijua nimejua. Ilikuwa ile asidi ya dukani, imetiwa maji ya mfereji, haya ya bomba, na sukari iliyounguzwa ili ipate rangi. "Bibi," akasema, "watu wanataka kitu kikali na rahisi. Nani atangoja miezi?"

Mimi nimengoja. Nimengoja tangu sijavunja ungo mpaka nikawa na wajukuu. Kwa hiyo kaeni mnisikilize, na anayeona namchosha na aende akachanganye asidi yake.

Aliyenipokea alikuwa Bi Zuwena, mwanamke wa Kiarabu ambaye ukoo wake ulikuwa na mashamba zamani na sasa hauna. Alibakiwa na chumba kimoja cha chini, cha kupanga, nyuma ya maduka, chenye dirisha moja la nondo na mapipa matano ya mbao. Siku ya kwanza alinipa kitambaa, akanionyesha pipa.

"Lioshe kwa nje. Ndani usitie mkono."

"Kwa nini, Bi?"

"Kwa sababu ndani wamo wafanyakazi wangu, na wao hawaulizi kwa nini."

Hakuwa mtu wa kubembeleza. Alinipiga konzi nilipomwaga, alinipiga konzi nilipocheka, na chakula akanipa sawa na chake, nyama kwa nyama. Mama akala kwa mikono yangu miaka yote aliyolala. Watu wanaosema Bi Zuwena alikuwa mkali hawakuwahi kula kwake.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Miwa inakuja kutoka shamba, mingine njia ya Kizimbani, inakamuliwa, maji yake yanachemshwa kwenye sufuria kubwa ya shaba. Sasa utajuaje sukari imefika? Bi Zuwena alitumia yai. Unaacha maji ya miwa yapoe kidogo kwenye bakuli, unatia yai la kuku. Likizama, chemsha tena. Likiinuka na kuonyesha utosi wake juu, duara kama sarafu, umefika. Hapo unatia maji safi kiasi kilekile, nusu kwa nusu, halafu pipani. Ukitia mazito bila maji inalewa kupita kiasi na siki haishiki. Ukitia mepesi mno, siki inakuwa dhaifu na inaota ukungu. Yai liwe la leo. Yai bovu huelea kwenye chochote, hata kwenye maji matupu, na kuna mwanamke mmoja wa mtaa wa Mlandege aliyeharibu msimu mzima kwa yai alilolitunza kabatini kama kipimo chake rasmi.

Ikishaingia pipani, unafunika kwa kitambaa na unasikiliza. Kwanza inachemka bila moto, inanong'ona kama watu wanaosengenya chumba cha pili. Halafu inanyamaza. Halafu, ukiiachia hewa, juu yake panaota utando mweupe mzito, na harufu inaanza kukupiga puani. Huo utando ndio mama wa siki. Mwisho wake ni siki.

Tatizo lipo katikati, na hili ndilo watu wa mji huu hawataki kulisikia mpaka leo. Kati ya maji ya miwa na siki kuna kituo kimoja tu, nacho ni pombe. Hakuna njia ya kukizunguka. Sukari inakuwa ulevi, ulevi unakuwa siki. Nilipokuwa msichana nilikwenda kumuuliza shekhe wa msikiti wetu, kwa sababu nilikuwa naogopa moto. Akanijibu bila kuinua sauti: "Ikijigeuza yenyewe ikawa siki, siki ni kitoweo kizuri. Ikiwa bado njiani, usiitie mdomoni na usimuuzie mtu."

Sawa. Lakini utajuaje imetoka njiani, nawe huruhusiwi kuionja? Mlevi anajua kwa ulimi. Sisi hatuna ulimi huo. Bi Zuwena alijua kwa pua na kwa vile vijiinzi vidogo vya matunda, jinsi vinavyotua kwenye kitambaa. Alipokufa pua yake ilikwenda naye. Mimi nikabaki na chumba, nikawa napanga kwa jina langu, na mapipa matano, na hofu. Nilikuwa nashindilia muda: natia mwezi juu ya mwezi, nikingoja mpaka siki inakonda na kuchosha, ili mradi nisimlishe mtu ulevi. Wateja wakalalamika. Nikawatukana, lakini walikuwa wakisema kweli.

Nikaolewa, na baadaye mume wangu akafariki, akaniachia watoto watatu na deni la maneno, yaani ugomvi, na ndugu zake. Ndipo akaja Mzee Filipo kupanga upande wa pili wa ua wetu. Alikuwa mtu wa bara, Mkristo, keshastaafu kiwanda cha bia huko kwao. Mrefu, mtaratibu, kofia ya kapelo asubuhi mpaka jioni. Sikukuu ya Krismasi alikuwa akitengeneza mvinyo wa mananasi kwa ajili ya nyumba yake, dumu moja, na hakumgongea mtu mlango.

Siku moja alisimama dirishani kwangu akanusa.

"Bi Mize, lile la pembeni limekwisha kuchemka."

"Umejuaje?"

"Miaka yote ile nilikuwa nalipwa kujua."

Nikamwambia shida yangu, kwamba nataka kujua ulevi umefika wapi bila kuuonja. Hakucheka. Alikwenda kwake akarudi na bomba la kioo na kitu kama filimbi ya kioo, tumbo nene lenye uzito chini, shingo nyembamba yenye alama. Akakitia kwenye bomba la maji ya miwa kikaelea.

Sikilizeni, kwa sababu wengi wenu mnavyo vipimo hivi siku hizi, mmenunua kwa simu, na mnavitumia kama mapambo.

Maji matupu ni elfu. Sukari inafanya maji kuwa mazito, kwa hiyo kipimo kinainuka, na alama unayosoma inakuwa kubwa. Maji ya miwa yetu yakikamuliwa huwa kwenye elfu na sabini, pengine zaidi, kwa kutegemea mvua. Ya Bi Zuwena, yale ya yai, yakishatiwa maji nusu kwa nusu, nilipima nikakuta elfu na hamsini au chini kidogo tu. Nilikaa chini nikalia. Yule bibi hajapata kushika kioo maishani mwake.

Soma pale maji yalipolala, siyo pale yanapopanda kidogo kando ya kioo. Zungusha kipimo kwa vidole ili mapovu yabanduke. Mapovu yanakibeba na utasoma uwongo. Na joto. Vipimo hivi vimetengenezwa na watu wanaoishi kwenye baridi. Kitie kwenye maji safi ya mvua hapa Unguja mchana, hutapata elfu, utapata alama mbili tatu chini yake. Basi hizo mbili tatu uziongeze kila unapopima. Hapa kipimo si kibovu, ni joto letu tu.

Sasa ulevi. Sukari inapoliwa, kipimo kinashuka. Chukua alama ya mwanzo, toa alama ya sasa, kinachobaki kigawe kwa saba na nusu. Umeanza na hamsini juu ya elfu, sasa uko kwenye elfu kamili: hamsini gawa kwa saba na nusu, unapata karibu saba. Maana yake, katika kila sehemu mia za kile kilichomo pipani, karibu saba ni ulevi. Ndiyo maana nilijifundisha kugawa. Mzee Filipo alinigawia mara mbili, ya tatu nikamnyang'anya chaki.

"Sasa angalia," akaniambia. "Kikifika elfu watu hudhani kimefika chini. Hakijafika. Ulevi ni mwepesi kuliko maji. Kitashuka mpaka chini ya alama ya maji."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo sijui, Bi Mize. Mimi hunywa kabla."

Tulicheka mpaka watoto wakatoka kutazama. Na ni kweli, yeye alikuwa akishuka kituo ambacho mimi napita tu. Huko mbele nilikwenda peke yangu. Nilipima pipa lililoota utando nikakuta kipimo kimeanza kupanda tena. Hakuna mtu aliyetia sukari. Nikapima jengine, vilevile. Siki ni nzito kuliko ulevi. Kipimo kinashuka, kinapita chini ya maji, kinakaa, halafu utando ukifanya kazi kinarudi juu taratibu mpaka kinapita elfu kidogo, kinasimama. Kikisimama, kisiondoke tena, na pua ikakubali, hapo ndipo unaruhusiwa kuonja. Hili hakunifundisha mtu. Mkilitumia tajeni jina langu, au msilitaje, lakini msiuze kabla.

Sasa nakuja kwenye lile linalonichemsha.

Kaka yangu alimwoa Rukia, na Rukia alikuwa na duka la achari Mlandege. Siki yake yote ilitoka kwangu. Alikuwa mchangamfu, mdomo mzuri, wateja wanampenda. Ufunguo wa chumba alikuwa nao, kwa kuwa mara nyingi alikuja kuchukua mzigo mimi nipo shamba kwenye miwa. Alinikuta mara kadhaa nikipima, akauliza, nikamjibu: kikifika elfu, sukari imekwisha. Ukiacha kitone cha mwisho, neno hilo ni la kweli mpaka kesho.

Ulikuwa msimu wa harusi, achari inatakiwa, nami nilikuwa shamba, Kizimbani. Rukia akaingia, akapima pipa la dirishani kama alivyoniona, akakuta elfu, akafurahi. Akateka. Akachanganya na siki ya zamani iliyobaki dukani, kwa hiyo ikanukia siki. Akakatia maembe mabichi, akatia pilipili, na kwa vile alikuwa anatengeneza ile achari tamu ya maharusi, akatia sukari kwa vikombe. Akafunga mitungi kwa vifuniko vya kukaza.

Sukari mpya, na ndani wafanyakazi wa Bi Zuwena bado wazima. Mnajua kilichotokea. Mitungi ilianza kupasuka rafuni, dukani, katikati ya wateja. Vipande vya embe dari nzima. Wanawake wanapiga mayowe, wengine wakidhani ni bomu. Akaingia kijana aliyewahi kufanya kazi baa ya hoteli moja huko pwani ya kaskazini, akatia kidole kwenye ule mchuzi, akalamba.

"Bi Rukia," akasema, na duka zima linasikia, "mbona bei ya achari na bei ya baa hazifanani?"

Mimi nilirudi mjini nikamkuta Rukia amekaa mlangoni kwangu, shela limeroa siki.

"Ulitoa pipa gani?"

"La dirishani. Kipimo kilikuwa kwenye elfu, Mize, nimetazama kwa macho yangu. Si ulisema sukari imekwisha?"

"Imekwisha, ndiyo. Imekwisha imekuwa nini?"

Akanitazama. "Imekuwa... siki?"

"Imekuwa pombe, Rukia. Sukari haipai mbinguni. Hukunusa?"

"Nilinusa. Ilinukia vizuri. Kama nanasi lililoiva sana. Nikamnusisha na mama yangu, na yeye akasema ina harufu nzuri."

Ndivyo ilivyokuwa. Nyumba nzima ya watu wasiopata kuonja ulevi tangu babu wa babu, wakaunusa ulevi wakausifu. Kwa hilo sikumkasirikia. Watu wa bara au watu wa mahoteli wasingefanya kosa lile. Ni sisi tu wa kulifanya. Nilimkasirikia kwa alichosema dukani pale watu walipomzonga. Alisema: "Siki si yangu, ni ya wifi yangu. Na yeye kafundishwa na yule Mkristo Filipo."

Baada ya alasiri walikuja. Sheha wa mtaa, mwenye nyumba, shekhe, na nyuma yao kila mtu asiyekuwa na kazi. Mzee Filipo alitoka akasimama kando ya ua, kofia mkononi.

"Bi Mize," sheha akaanza, "watu wanasema humu mna pombe."

"Mna," nikamjibu. "Lile, na lile, na lile la dirishani. Haya mawili ni siki."

Nikasikia astaghfirullah kutoka kila pembe. Bibi mmoja akavuta buibui lake kando kama vile pombe itamrukia.

"Mnashangaa nini?" nikawaambia. "Kila siki mliyokula tangu mmeacha ziwa ilipita hapa. Mlidhani muwa unalala muwa na kuamka siki?"

"Mwaga yote," akasema mwenye nyumba. "Mwaga, ukabidhi chumba."

Chumba kile kilikuwa ndicho kula yetu. Hapakuwa na kingine. Watoto watatu, ada, mchele, dawa, vyote vilitoka kwenye mapipa matano na dirisha moja, na mapipa ya namna ile huyahamishi kama magodoro. Ukiyakausha yanapasuka, na wale wa ndani wanakufa. Sheha alilijua hilo. Akanivuta pembeni, akashusha sauti, sauti ya mtu anayekufanyia hisani.

"Tusaidiane, Bi Mize. Wewe mjane, watu watakuhurumia. Sema tu yule mzee wa bara ndiye aliyekuletea kile chombo, akakupotosha. Neno moja. Yeye atahama, wewe utabaki na chumba chako."

Nyinyi vijana mnaosoma hapa, msidhani sikufikiri. Nilifikiri. Niliwatazama wanangu mlangoni. Neno moja lilikuwa rahisi, nami nilikuwa na watoto.

Nikarudi katikati ya ua nikasema kwa sauti ya wote kusikia: "Sheha anataka niseme nimepotoshwa. Mimi si mtoto wa kupotoshwa. Kile kioo nilikiomba mwenyewe, kwa sababu nilikuwa naogopa kuwalisheni haramu. Mwenzenu kanisaidia nisiwalishe. Aliyewalisha ni aliyeuza bila kuuliza, na huyo ni wifi yangu, si Filipo."

"Bi Mize," Mzee Filipo akasema taratibu, "sema tu walivyotaka. Mimi nina pa kwenda, kwa binti yangu."

"Nyamaza, Filipo. Sijakuuliza."

Kuna waliocheka. Nikaona hapo hapo nisiwape nafasi ya kuacha kucheka. "Hamtaki kuniamini, msiniamini," nikasema. "Msimwage. Fungeni. Sheha tia kufuli yako, ufunguo kaa nao. Wakati wake ukifika njooni mfungue, shekhe aonje wa kwanza."

Shekhe akainamisha kichwa kukubali. Mwenye nyumba akakimbilia dirishani kulifunga.

"Dirisha liacheni wazi!"

"Kwa nini?"

"Siki inataka hewa. Ukilifunga itabaki pombe, na hapo itakuwa pombe yako."

Akaliacha wazi haraka kama limemuunguza.

Nilikaa bila kazi kwenye chumba chetu cha kulala hapo uani mpaka nikauza vyombo vya ndani. Jirani walipita mlangoni wakiangalia juu. Wateja wa zamani walinikuta Darajani wakageuza njia kwenye vibanda vya samaki. Mchana nilikuwa nasimama nje ya lile dirisha la nondo, kama mtu aliyekwenda kumtazama mfungwa, nanusa. Na harufu ikaanza kugeuka. Ule unanasi ukapungua, ukapotea, ikaja ile inayokubana kooni. Nikajua, nikangoja zaidi, kwa sababu sikutaka kushinda kwa unywele.

Walipokuja kufungua walijaa vilevile. Utando ulikuwa mzito kama ngozi ya maziwa. Nilitia kipimo kwenye mapipa yote matatu mbele yao, kikasimama juu ya maji. Hakuna aliyejua maana yake wala sikuwaeleza. Shekhe akachovya kipande cha mkate, akatafuna, akafumba jicho moja.

"Siki," akasema. "Na kali."

Watu wakasema alhamdulillahi. Ndiyo yote. Hakuna aliyesema pole. Hakuna aliyemtazama Mzee Filipo. Yule bibi wa buibui akanisogelea akaniuliza kama naweza kumtilia chupa moja.

Mwenye nyumba akangoja watu watawanyike. "Siki ni siki, sikatai," akaniambia. "Lakini maneno yamekuwa mengi, Bi Mize. Natafuta mpangaji mwengine." Nikamwambia aliyoyasema yeye na aliyoyasema sheha ni neno lilelile, ila yeye kalitia sukari. Nikahama. Mapipa mawili yalipasuka njiani, nikayaona yakivuja kwenye mkokoteni, karibu na Mlandege, mbele ya duka la Rukia. Hakutoka.

Mzee Filipo naye akapewa notisi mwezi huohuo, ingawa sikumtaja kwa ubaya, ingawa pipa lilitoka safi. Tulihama wote wawili, basi. Watu wakaniambia: umeona, ungesema tu, angalau mmoja angebaki. Watu hao hesabu yao ni ya kutoa tu, kujumlisha hawajui.

Nikaanza tena Fuoni, kwenye kiwanja kisichokuwa na ukuta. Filipo alikuwa akija kutoka kwa binti yake, na kofia yake ileile, ananishikia bomba nipime, ananiuliza kipimo kimepanda wapi. Kile kisa cha kupanda alikipenda mno. Alikuwa akisema, "Kumbe kulikuwa na kituo kingine mbele, na mimi nilikuwa nashuka kila siku." Alipofariki nilikwenda kanisani nikakaa kiti cha mwisho na mtandio wangu, nikatazama kushoto na kulia. Kutoka mtaani kwetu hakuna hata mmoja. Walikuwa wanakula siki yangu wakati huo, naamini. Siku zile nilikuwa nshaanza kuuza Darajani tena.

Na kile chumba? Piteni mkakione. Kimepigwa rangi nyeupe, kimetiwa viti virefu na taa ndogondogo, wanauza pombe kwa watalii, na kibali kimetundikwa ukutani. Dirisha la nondo wameliacha, watalii wanapenda kulipiga picha. Mwenye nyumba anapokea kodi yake kila mwezi na anakwenda kusali. Sheha aliyefuata alikwenda kwenye ufunguzi akala sambusa.

Rukia tunaonana kwenye harusi. Anakaa safu ya mbele, mdomo mzuri kama zamani. Mwaka jana alinishika mkono akasema, "Yale ya zamani, Mize, tuyaache." Nikamuuliza, "Yepi?" Akaachia mkono akaomba soda.

Basi nyinyi mlioshika kazi hii, nimewapa yai, nimewapa kioo, nimewapa saba na nusu. Msiuze kikiwa elfu. Msiuze kikiwa chini ya elfu. Ngojeni kipande na kisimame. Wakija kuwaambia mtaje mtu ili muachwe, hapo sina hesabu ya kuwapa. Kila mmoja na watoto wake mlangoni. Mimi nimeeleza nilivyofanya, na nilichopoteza, na nikirudishwa pale uani leo nitasema vilevile, ila kwa sauti kubwa zaidi.

Nilicho nacho leo ni hiki. Nyumba moja Fuoni, vyumba vinne, upande wa nyuma haijapigwa lipu. Kiwanja chake, na hati ina jina langu. Mapipa tisa, nimewapa wanangu wayatumie, bado ni yangu. Sufuria mbili za shaba. Kinu cha kukamulia miwa. Mbuzi sita. Meno kumi na moja. Watoto watatu waliosoma. Magoti mabovu, mawili. Na msamaha ninao, wote, haujapungua hata tone, kwa sababu mpaka leo hajaja mtu kuuomba.